Uhuru wa Nani? Riwaya za Kuondoka kwa Mkoloni, Tukizisoma Bukoba na Muleba



Safari hii tunaziweka kando habari za mitandio na mapishi, tuzungumze vitabu. Sisi tunaoandika haya tuko mkoani Kagera, wengine Bukoba mjini, wengine Muleba. Wengi wetu ni mafundi cherehani na wafanyabiashara, na riwaya tunazisoma kwa kupokezana, nakala moja watu wanne au watano. Zinazotukamata zaidi ni zile ndefu zinazosimulia siku za mwisho za mkoloni. Kila tukimaliza moja, swali linalobaki ni lile lile: mkoloni alipoondoka, ni nani hasa aliyepata uhuru? Ni swali la kila mwanamke, na biharusi mtarajiwa linamhusu zaidi.

Yasmin na Bwana Raza

Tuanze na kitabu cha kwenu visiwani. Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi kilitoka mwaka 1999. Waliosoma kidato cha tano na cha sita wengi wanakikumbuka kama kitabu cha mtihani, na mwaka 2021 Amil Shivji akakitengenezea filamu. Ukikisoma bila haraka ya mtihani utaona mambo mengine kabisa.

Kisa ni cha Zanzibar ya miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado wanatawala. Yupo Denge na wenzake, wanapigania uhuru kwa siri huku polisi wa mkoloni wakiwawinda. Lakini mwandishi hakuanza na Denge. Ameanza na Yasmin, msichana wa Kihindi wa miaka 15, anayeozeshwa kwa Bwana Raza, mtu wa miaka 52. Hakuna aliyemuuliza. Yasmin anaikimbia ndoa ile, ndugu zake wanamfungia mlango, na anayempokea ni shoga yake Mwajuma, mwanamke maskini wa Ng'ambo.

Hatusemi kila alichofanya Yasmin baadaye ni cha kuigwa. Mna ulevi mle, mna mapenzi nje ya ndoa, na sisi hayo hatuyapambi. Lakini tazameni mwandishi alivyopanga. Nchi inatawaliwa na watu ambao haikuwachagua, na msichana yumo ndani ya ndoa ambayo hakuichagua. Mwandishi hakutenganisha mambo hayo mawili, kwa sababu mtu aliyezoea kuamuliwa chumbani hatashtuka sana akiamuliwa na serikali.

Dini yetu ilikwisha kulisema hili zamani. Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kwamba mwanamwali aombwe ruhusa kabla ya kuozwa. Khansa bint Khidam alipokwenda kwake kulalamika kwamba baba yake amemuoza asipopataka, Mtume aliivunja ndoa ile. Basi anayemuoza binti kwa nguvu asituambie kwamba ndiyo dini.

Huku kwetu mkoloni aliondoka mara mbili

Watu wa Bukoba tukisoma riwaya hizi tunakumbuka kwamba kwetu mkoloni aliondoka mara mbili. Mji wenyewe ulianzishwa kama kituo cha Wajerumani mwaka 1890, na aliyekianzisha ni Emin Pasha. Tarehe 22 na 23 Juni 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, askari wa Waingereza walivuka ziwa kwa meli kutoka Kisumu, wakapigana na Wajerumani siku mbili, wakaubomoa mtambo wa simu ya upepo, wakapora mali majumbani, kisha wakapanda meli zao wakarudi walikotoka. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaondoka moja kwa moja na Waingereza wakaja kukaa. Kwa mwenye nyumba iliyoporwa, bwana mmoja alitoka na mwingine akaingia.

Vita hiyo ndiyo imo ndani ya Afterlives, riwaya ya Kiingereza ya mwaka 2020 ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Wasiosoma Kiingereza wanaweza kuanza na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya yake nyingine. Katika Afterlives wanaume wanakwenda kupigana vita ya Wajerumani, lakini aliyetuingia moyoni sisi ni Afiya. Kaka yake anamfundisha kusoma na kuandika, kisha anakwenda vitani na kumwacha kwa watu waliomlea zamani. Mwenye nyumba akigundua kwamba mtoto wa kike anaandika, anampiga mpaka anamvunja mkono. Naye Afiya anatumia kuandika kule kule kupeleka kijikaratasi cha kuomba msaada, na anakuja mtu kumchukua. Mzungu hayumo ndani ya chumba kile. Aliyeshika fimbo ni mtu wa nyumbani.

Majina yaliyoandikwa na yasiyoandikwa

Historia ya Buhaya ina mambo ya kutosha riwaya nene. Mwaka 1937 wakulima walizikataa sheria mpya za serikali kuhusu kilimo cha kahawa, na fujo zikatokea. Miaka iliyofuata akajulikana Mzee Ali Migeyo, Mwislamu wa huku Buhaya, aliyeongoza katika African Association na baadaye TANU, na Waingereza wakamfunga. Mwaka 1969 G. R. Mutahaba alitoa kitabu kuhusu maisha yake.

Sasa fikirini kibanja cha Kihaya. Migomba na mibuni imesimama pamoja, na chini yake yapo maharage. Nje ya kibanja iko rweya, ardhi ya majani, na huko wanawake ndio waliolima njugu mawe na mazao mengine ya msimu. Kahawa ilikuwa mali ya mwanamume, chakula kilikuwa kazi ya mwanamke. Baba akiwa mkutanoni au jela, watoto walikula kwa sababu mama alikuwa na jembe mkononi. Majina ya viongozi wanaume yameandikwa. Majina ya kina mama wale yamebaki kwa wajukuu wao, na wajukuu nao wanazeeka. Ndiyo maana tunathamini riwaya: mtunzi anaweza kuingia jikoni, mahali ambapo mwandishi wa ripoti hakufika.

Baada ya 9 Desemba 1961

Tanganyika ikawa huru tarehe 9 Desemba 1961. Riwaya nyingi zingeishia hapo, bendera imepanda na watu wanashangilia. Kwa mwanamke wa Muleba kisa kilikuwa bado.

Mwaka 1963, nchi ikiwa mikononi mwetu wenyewe, mila za urithi ziliandikwa zikawa kanuni za serikali. Kwa mila ya Kihaya, mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo, lakini hakuwa na ruhusa ya kuiuza. Miaka ikapita. Mwaka 1988 mwanamke mmoja mtu mzima, aliyeachiwa ardhi na baba yake kwa wosia, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu wa nje ya ukoo. Alikuwa anazeeka na hakuwa na wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, akidai shangazi hana haki ya kuuza kwa kuwa ni mwanamke.

Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu Mwanza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Katiba imekwisha kukataza ubaguzi, na mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Mpwa akaambiwa kwamba akiitaka ardhi, arudishe 300,000 ndani ya miezi sita. Baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 nayo ikakataa mila zinazomnyima mwanamke ardhi.

Hesabuni wenyewe. Tangu bendera ipande mpaka hukumu ile ni zaidi ya miaka 28. Kumbe Qur'ani, katika Suratun Nisaa, iliwapa wanawake fungu lao katika walichoacha wazazi na jamaa, kiwe kidogo au kingi, karne nyingi kabla ya Mjerumani kuiona Bukoba. Na sisi Waislamu tusijisifu mapema. Ziko familia zetu zinazosali safu ya mbele, lakini siku ya mirathi wanamwambia dada yao, "Wewe umeolewa, shamba la nini?"

Kwa biharusi

Dada, ukiwa unapanga kasha lako, tia riwaya moja humo kati ya khanga. Isome kabla ya nikaha, na ukipenda msome na mumeo baadaye. Kabla hujaitikia posa, jiulize kama umeulizwa kweli, au umejulishwa tu. Mahari yako ijue ni kiasi gani na iko mikononi mwa nani, kwa sababu ni yako. Kama baba ameacha shamba, uliza fungu lako kwa adabu, mbele ya wazee na mashahidi, na liandikwe.

Kisha kaa na bibi yako. Muulize alikuwa wapi siku ya Uhuru, na nani alilima siku ile. Andika anachosema, kwa jina lake kamili.

Allah awarehemu bibi zetu waliotangulia, awape maharusi wetu ndoa zenye ridhaa, na atupe moyo wa kutoa haki kabla hatujadaiwa. Amin.