Reale ya Mzinga: Fedha ya Potosí na Bei ya Mtu

Kwa Waswahili, fedha ni vitu viwili kwa jina moja. Ni madini meupe ambayo sonara huyafua yakawa bangili, mikufu na vipini vya majambia. Na ni mali anayoitoa mtu mkononi akanunua samaki au shamba. Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, fidda, yaani madini hayo meupe. Ng'ambo ya bahari, katika Kihispania cha Amerika ya Kusini, mambo ni vivyo hivyo. Madini hayo huitwa plata, na mtu wa La Paz au Buenos Aires akitaka kusema hana pesa husema hana plata. Mto mkubwa unaomwaga maji yake karibu na Buenos Aires uliitwa Río de la Plata, Mto wa Fedha, na nchi ya Argentina ilipata jina lake kutokana na neno la Kilatini lenye maana iyo hiyo.

Lugha hizi mbili hazikukaa pamoja wala hazikuazimana neno hilo. Lakini lipo neno jingine ambalo Kihispania kilikipa Kiswahili, nalo lilikuja likiwa limechongwa juu ya sarafu. Neno hilo ni reale.

Katika Kihispania, real maana yake ni ya kifalme. Lilikuwa jina la sarafu ya fedha ya wafalme wa Kastila, na kipande kikubwa kilichokuwa na thamani ya real nane kiliitwa peso. Kipande hicho kilikuwa na uzito wa gramu 27 hivi, na kwa zaidi ya miaka 200 ndicho kilichokuwa sarafu ya ulimwengu mzima. Waarabu walikiita riyali, na Waswahili wakakiita reale. Mpaka leo Oman, Yemen, Saudia, Qatar na Iran huhesabu mali zao kwa jina hilo, ingawa mfalme aliyekusudiwa hapo mwanzo hakuwa wao.

Waswahili wa karne ya 19 walizitambua reale kwa sura zake. Palikuwa na reale ya Sham, iliyokuwa na uso wa Maria Theresa, malkia wa Austria. Palikuwa na reale ya Kifaransa. Na palikuwa na reale ya mzinga. Majina haya yamo katika vitabu vya lugha vya zama hizo, kikiwemo kile cha Edward Steere kuhusu Kiswahili cha Unguja kilichotoka mwaka 1870. Reale ya mzinga ndiyo sarafu ya Kihispania. Juu yake palichorwa nguzo mbili, nazo ni zile nguzo ambazo hadithi za Wayunani ziliziweka kwenye mlango wa bahari wa Jabal Tariq, mahali walipoamini kuwa ndio mwisho wa dunia. Wafalme wa Uhispania walizifunga nguzo hizo utepe wenye maneno ya Kilatini, Plus Ultra, yaani mbele zaidi, kwa kujisifu kuwa wao wameupita mwisho huo. Aliyeipokea sarafu hiyo Uarabuni au Unguja hakuziona nguzo. Aliona mizinga miwili imesimamishwa. Waarabu nao waliiita abu madfaa, yaani yenye mzinga.

Je, fedha ya sarafu hiyo ilitoka wapi? Si Uhispania. Ilitoka katika makoloni yake ya Amerika, hasa Mexico na nchi ya juu ya milima ambayo leo ni Bolivia. Na mahali palipotangulia pengine pote kwa sifa na kwa misiba ni mlima mmoja, unaoitwa Cerro Rico, Mlima wa Utajiri, pamoja na mji ulio chini yake, Potosí.

Leo nchi huru ambazo Kihispania ni lugha ya dola ni 20: Uhispania yenyewe, Guinea ya Ikweta katika Afrika, na 18 za Amerika, kuanzia Mexico mpaka Argentina na Chile. Miongoni mwa hizo, Bolivia ni ya aina yake. Haina pwani. Ilikuwa nayo, ikaipoteza kwa Chile katika vita vilivyoanza mwaka 1879, na mkataba wa mwaka 1904 ukathibitisha hasara hiyo. Sehemu kubwa ya magharibi yake ni uwanda wa juu ulio kati ya safu mbili za Milima ya Andes, nchi ya baridi na upepo mkavu, ambako viazi na lama ndio uhai wa watu. Potosí iko kiasi cha mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha mlima wake kinakaribia mita 4,800. Mgeni akifika huko hupungukiwa na pumzi kwa kupanda ngazi tu.

Wahispania walianza kuchimba mlima huo mwaka 1545. Muda si muda, mahali ambapo hapakuwa na mji palijaa makanisa, majumba ya kamari na maduka ya hariri. Mwanzoni mwa karne ya 17 watu wake walikadiriwa kuwa 160,000, ukawa sawa na miji mikubwa kabisa ya Ulaya ya wakati huo. Jina lake likageuka kuwa msemo, na mpaka leo Mhispania akitaka kusema kitu hakikadiriki kwa thamani husema kina thamani ya Potosí.

Lakini mlima haujichimbi wenyewe. Mnamo mwaka 1573 makamu wa mfalme nchini Peru, Francisco de Toledo, alipanga utaratibu ulioitwa mita. Neno hili ni la Kikechua, na maana yake ni zamu. Kabla ya Wahispania, katika dola ya Wainka, mita ilikuwa zamu ya kazi za dola: kujenga barabara na madaraja, kulima mashamba, kujaza maghala. Toledo alilitwaa neno hilo na kulibadilisha maana. Kila mwaka wilaya za nyanda za juu, mpaka zile za karibu na Cusco, zilitakiwa kutoa wanaume wapatao 13,500 waende Potosí. Walitembea majuma mengi pamoja na wake zao, watoto wao na lama waliobeba chakula. Wengi hawakurudi makwao, ama kwa kufa, ama kwa kushindwa kulipa madeni, ama kwa kuogopa zamu nyingine.

Kasisi José de Acosta, ambaye kitabu chake kuhusu Amerika kilichapishwa mwaka 1590, alieleza jinsi kazi ilivyokuwa. Wachimbaji walipanda na kushuka katika giza kwa ngazi zilizosokotwa kwa ngozi. Mzigo wa mawe, wenye uzito wa kilo zaidi ya 20, waliufunga mgongoni kwa nguo. Aliyetangulia alifunga mshumaa kwenye kidole gumba cha mkono wake, ili mikono yote miwili ipate kushika ngazi. Juu walikutana na baridi ya kilele, miili yao ikiwa imelowa jasho.

Baada ya mawe kusagwa, unga wake ulichanganywa na zebaki iliyoletwa kutoka Huancavelica, nchini Peru. Zebaki huishika fedha na kuiacha taka. Kisha mchanganyiko huo ulichomwa, zebaki ikaruka ikiwa mvuke, na fedha ikabaki. Waliokanyaga matope hayo kwa miguu na waliovuta mvuke huo walipata maradhi ya kutetemeka na kung'oka meno. Katika nyumba ya kupigia sarafu, iliyoanzishwa mjini humo katika miaka ya 1570, walitumikishwa pia Waafrika waliouzwa utumwani. Hivyo sarafu iliyokuja kufika Afrika ilikwisha kupita katika mikono ya Waafrika kabla ya kuanza safari yake.

Safari hiyo ilikuwa ndefu. Lama na nyumbu waliiteremsha fedha mpaka bandari ya Arica, majahazi yakaipeleka Callao na Panama, nyumbu wengine wakaivusha nchi kavu, kisha misafara ya merikebu ikaipeleka Seville. Uhispania haikukaa nayo. Iliilipia vita vyake na madeni yake, na fedha ikatiririkia Amsterdam, Genoa na London. Kutoka huko ilikwenda India na China, na kwa upande wa Misri na Jeddah ilifika Mokha, ambako wafanyabiashara walinunulia kahawa. Njia nyingine ilipita Bahari ya Pasifiki, kwani tangu mwaka 1565 mpaka 1815 merikebu za Wahispania zilisafiri kati ya Acapulco na Manila zikipeleka fedha na kurudi na hariri. Bahari ya Hindi ilipokea kutoka pande zote, na katika karne ya 18, wakati Mexico ilipokuwa imeipita Potosí kwa wingi wa fedha, mfuko mmoja uliweza kuchanganya sarafu za nchi hizo mbili. Mjuzi alizitofautisha kwa alama ndogo ya mji. Wengine walitazama mizinga tu, wakapima uzito, wakaridhika.

Ndipo reale ilipofika Kilwa, na hapo historia ya mlima ule inaungana na historia ya pwani kwa namna iliyo chungu. Mwaka 1776 Mfaransa aliyeitwa Jean-Vincent Morice, mfanyabiashara wa Île de France, yaani Mauritius ya leo, alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa. Kwa mkataba huo angepata watumwa 1,000 kila mwaka kwa bei ya piasta 20 kila mmoja, na Sultani apewe piasta mbili zaidi kwa kila kichwa. Piasta ndilo jina ambalo Wafaransa wa Bahari ya Hindi waliipa reale ya Kihispania. Sarafu ni ile ile, na mizinga ni ile ile.

Hesabu yake si ngumu. Reale 20 zina uzito wa gramu 540 hivi. Mtu mzima, aliyezaliwa na kupewa jina bara, aliyetembezwa mpaka pwani, aliwekwa mizanini na nusu kilo ya fedha na ushei kidogo. Fedha hiyo yenyewe ilikuwa imechimbwa na mtu mwingine aliyetolewa kijijini kwake bila hiari, upande wa pili wa dunia. Yule wa Andes na huyu wa bara hawakujuana, wala hakuna aliyejua kuwa kazi ya mmoja ndiyo bei ya mwingine. Walioitambua sarafu hiyo vyema ni waliokaa katikati, kuanzia Seville mpaka Kilwa, ambao hawakuingia shimoni wala hawakutiwa minyororo.

Baadaye reale iliendelea kutumika katika biashara nyingine. Wamarekani wa Salem, ambao nchi yao ilifunga mkataba na Sayyid Said bin Sultan mwaka 1833, walileta Unguja nguo za merikani pamoja na sarafu za fedha, wakachukua pembe na sandarusi. Reale ya Sham iliishinda ile ya mzinga kidogo kidogo. Mwaka 1882 Sayyid Barghash alitoa reale yake mwenyewe, isiyo na nguzo wala uso wa mtu, ila maandishi ya Kiarabu. Kisha rupia ya India ikatawala, hata methali ikashuhudia kuwa penye udhia penyeza rupia.

Na Potosí? Mita ilifutwa na Bunge la Cádiz mwaka 1812. Mwaka 1825 Bolivia ilipata uhuru, na Simón Bolívar, aliyeachia nchi hiyo jina lake, alipanda Cerro Rico kusherehekea. Lakini fedha nyingi ilikuwa imekwisha kuondoka. Katika karne ya 20 nchi ilitegemea bati, na mwaka 1952 serikali ya mapinduzi iliyataifisha machimbo makubwa. Mwaka 1985 bei ya bati ilianguka na maelfu ya wachimbaji wakaachishwa kazi. Ikafuata gesi, iliyouzwa Brazil na Argentina, nayo imepungua tangu katikati ya miaka ya 2010. Sasa macho yameelekea Uyuni, katika mkoa huo huo wa Potosí, kwenye uwanda wa chumvi wenye zaidi ya kilomita za mraba 10,000. Chini ya chumvi hiyo imo lithiamu inayohitajika katika betri, miongoni mwa hazina kubwa kabisa zinazojulikana duniani. Wenyeji wa mkoa huo wamekwisha kuuliza mara nyingi swali ambalo wazee wao hawakuruhusiwa kuliuliza: safari hii nani atabaki na nini?

Cerro Rico ungali unachimbwa. Vyama vya ushirika vya wachimbaji hutafuta mabaki ya fedha, bati na zinki katika mashimo ya kale, na mlima umetobolewa kiasi kwamba kilele chake kinadidimia. UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka 2014 ikauweka katika orodha ya urithi ulio hatarini. Ndani ya mashimo wachimbaji huweka sanamu yenye pembe, mwenye mali ya chini ya ardhi, wakamtunukia majani ya koka, sigara na pombe ili asiwadhuru. Humwita El Tío. Maana yake ni mjomba.

Reale za mzinga zilizobaki upande wa huku, nyingi ziliishia kwa masonara. Ziliyeyushwa, zikafuliwa bangili na mitali, na fedha iliyokuwa mali ikarudi kuwa fedha ya madini. Katika bangili hizo, ambazo mabibi waliwarithisha wajukuu, hazimo tena nguzo, wala mfalme, wala alama ya mji. Majina ya waliochimba hayakupata kuwamo, na ya wale walionunuliwa kwazo pia.