Opera ya chumbani au opera ya kikundi?

Ipo aina ya opera ambayo Wazungu wameipa jina la chumba. Walioanza ni Waitaliano. Tangu karne ya 17 waliugawa muziki wao kwa mahali unapopigwa: huu wa kanisani, huu wa jukwaani, huu wa camera, yaani wa chumba cha mtawala na wageni wake. Waingereza na Wajerumani wakalichukua jina hilo, na lilipoifikia opera chumba chenyewe kilikuwa kimeshasahaulika. Mfasiri wa Kiswahili anayekutana nalo leo ana maneno matatu yanayomjia haraka, na hakuna hata moja lisilo na kasoro.

Kamera tuliweke kando mapema. Kwa asili ni neno hilohilo la Kilatini, ila kwetu limeshakuwa mali ya wapiga picha. Chemba linavutia zaidi, kwa sababu mtu mwenye jambo la siri humvuta mwenzake chemba, na opera hii kweli humsogeza msikilizaji karibu. Lakini hebu bandika Kariakoo tangazo la "opera ya chemba" uone watu watakachofikiria: kwa wakazi wa mjini chemba ni ile ya maji taka, yenye mfuniko wa zege, inayofurika masika. Limebaki chumba. "Opera ya chumbani" ndiyo tafsiri ambayo wengi wangeiandika bila kusita. Mambo ya chumbani, hata hivyo, kila Mswahili mtu mzima anayajua ni yapi, na hayauziwi tiketi.

Tuseme hata hayo tumeyavumilia. Bado ningeikataa, kwa kuwa inaeleza kitu ambacho hakipo. Tuichukue opera moja tuitazame vizuri.

Tarehe 14 Septemba 1954, katika jumba la La Fenice mjini Venice, mtunzi Mwingereza Benjamin Britten alisimama mbele ya wapigaji 13 akaongoza kwa mara ya kwanza opera yake The Turn of the Screw, ambayo tungeweza kuiita Kukaza Parafujo. Hadithi inatoka katika riwaya fupi ya Henry James ya mwaka 1898: mwalimu kijana anakwenda kulea watoto wawili yatima katika nyumba ya mashambani, kisha anaanza kuona mizuka ya watumishi wawili waliokufa, Quint na Miss Jessel, ikiwanyemelea watoto wale. Waimbaji ni sita tu. Peter Pears aliimba utangulizi na pia nafasi ya Quint; Jennifer Vyvyan alikuwa mwalimu; Joan Cross mtunza nyumba, Bi Grose; Arda Mandikian alikuwa Miss Jessel; Olive Dyer, mwanamke mtu mzima, aliimba nafasi ya mtoto Flora; na kaka yake Flora, Miles, aliimbwa na mvulana wa miaka 12, David Hemmings. Kwa lugha ya kwaya zetu, hapo hakuna sauti ya pili wala ya nne. Wa sauti ya tatu ni mmoja, waliobaki wote ni sauti ya kwanza. Ukikosa besi ya kuishikilia nyumba chini, muziki wote unaning'inia juu, na hadithi ya mizuka inapata hofu yake hapo hapo, kabla mzuka wenyewe haujaonekana.

Wapigaji nao: fidla mbili, viola, chelo na besi kubwa, filimbi, obo, klarineti na basuni, honi moja, kinubi, mtu mmoja wa ngoma, matoazi, gongo na kengele, na mmoja anayehama kati ya piano na selesta. Baadhi ya wanaotumia pumzi hawakai na chombo kimoja. Wa filimbi anashika kubwa yenye sauti ya chini, halafu ndogo kali. Wa klarineti anaiweka chini na kuchukua ya besi. Katika okestra kamili fidla za kwanza tu zinaweza kuwa 14 au 16, zote zikipiga mstari mmoja. Mmoja akiteleza wenzake wanamfunika, na mle ukumbini hakuna atakayejua. Hapa fidla ya kwanza ni mtu mmoja. Akiteleza, sote tumesikia.

Tofauti iko hapo, na chumba hakimo. La Fenice ni jumba kubwa la opera lenye roshani za ghorofa kwa ghorofa na nakshi za dhahabu. Opera ya Britten iliyotangulia katika mtindo huu, The Rape of Lucretia, ilianza tarehe 12 Julai 1946 katika jumba la opera la Glyndebourne, kusini mwa Uingereza. Kinyume chake, ukiichukua Aida, ile opera ya Verdi ya kwaya na okestra kubwa, ukaiimba kwa piano moja katika ukumbi wa shule, hujapata opera ya aina hii. Umepata Aida iliyokosa fedha. Kwa hiyo "opera ya ukumbi mdogo" nayo haifai, ingawa inasikika vizuri kuliko ya chumbani.

Wapo watakaopendekeza "kiopera". Kiambishi ki- ni kirahisi kutumia, lakini kina ulimi mkali. Kijitu si mtu mfupi tu, na kijumba hakiitwi hivyo kwa upendo. Kiopera kingesikika kama opera isiyokua, au kama operetta, ambayo ni mchezo wa nyimbo na maneno ya kawaida wenye historia yake mbali kabisa na hii. Hata hivyo ki- haikosi mahali pake. Unguja kuna kidumbak: fidla, sanduku la besi lenye uzi mmoja, cherewa, mkwasa, na vile vidumbak viwili vyenyewe. Ni ndugu wa taarabu ya okestra kubwa, lakini anayedhani ni taarabu iliyopunguzwa ahudhurie harusi moja inapopigwa. Jina hilo limetokana na ngoma, na mahali pa kupigia hapakuulizwa. Waliolitoa walitazama nani na nini kinachotoa sauti.

Nami napendekeza tufanye vivyo hivyo: opera ya kikundi. Udogo tusiubandike kwenye opera, tuubandike kwa watu wanaoibeba. Kikundi hakina dharau. Tuna vikundi vya ngoma, vikundi vya maigizo, vikundi vya kuweka akiba, na kila mwanakikundi anajua kwamba asipofika siku hiyo pengo litaonekana. Na wenyewe Waingereza, walipounda shirika la kuzichezesha opera hizi mwaka 1947, waliliita English Opera Group. Walioliasisi ni Britten, mwelekezi Eric Crozier na mchoraji John Piper.

Sababu za kuundwa kwake zilikuwa za sanaa na za mfuko kwa pamoja. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa hoi. Britten alikuwa amejipatia jina kwa Peter Grimes, opera yenye kwaya na okestra kamili, iliyofungua tena ukumbi wa Sadler's Wells mjini London Juni 1945. Kazi ya ukubwa ule haisafiri. Waimbaji wanane na wapigaji wasiozidi 13, kama katika Lucretia, wanaweza kusafiri. Ila hata hao wana gharama zao: katika ziara ya Uholanzi na Uswisi kiangazi cha 1947 walibaini kwamba kusafirisha mandhari na watu kunaweza kuleta hasara hata kumbi zikijaa, na Pears ndiye aliyetoa wazo wawe na tamasha la kwao wenyewe. Mwaka uliofuata tamasha la Aldeburgh likaanza, katika mji mdogo wa pwani alikoishi Britten.

Ukifuatilia majina utaona kikundi kwa macho. Joan Cross aliimba Ellen Orford katika Peter Grimes mwaka 1945, mwaka 1946 akawa katika Lucretia, mwaka 1947 akawa Lady Billows katika Albert Herring, opera nyingine ya Britten ya mtindo huu, na mwaka 1954 akawa Bi Grose. Pears alikuwamo katika zote hizo. Piper alibuni mandhari ya Lucretia, ya Herring na ya Kukaza Parafujo. Britten hakuwa akitunga kwa ajili ya "soprano" isiyo na sura. Aliijua sauti ya Cross inavyokaa na ya Pears inakopandia. Mwimbaji mpya naye aliweza kupewa nafasi kubwa. Kathleen Ferrier hakuwa ameigiza opera hata moja kabla ya kuwa Lucretia, akipokezana nafasi hiyo na Nancy Evans.

Hasara ya mtindo huu ni kwamba mtu akibadilika kazi nzima inatikisika. Hemmings aliendelea kuimba Miles hadi mwaka 1956, sauti yake ya utoto ilipompasukia jukwaani mjini Paris. Baadaye akawa mwigizaji wa filamu. Waliomwona katika Blow-Up ya mwaka 1966 wengi hawajui kwamba alianza na Britten.

Nyuma ya jukwaa, istilahi zinakuwa ngumu zaidi. Mtunzi hana tatizo. Aliyeandika maneno, Myfanwy Piper, tumwiteje? Libretto kwa Kiitalia ni kijitabu, na "mwandishi wa kijitabu" anasikika kama mtu wa afya ya jamii. Libreto ibaki libreto, naye awe mwandishi wa libreto. Kazi yake tusiidhani kuwa ya kunakili. Katika riwaya ya James mizuka haisemi neno, na msomaji hadi mwisho hajui kama ipo kweli au imo kichwani mwa mwalimu. Mzuka wa opera lazima uimbe. Piper, mke wa yule mchoraji mandhari, ilimbidi awatungie maneno watu ambao mwandishi wa kwanza aliwanyamazisha kwa makusudi, na bado shaka ile isiuawe. Naona alifaulu, kwa kiasi kikubwa. Wapo wanaosema kwamba pale tu Quint anapofumbua mdomo shaka imekwisha, nao wana hoja.

Mgongano halisi uko kwenye "mwongozaji". Tanzania mwongozaji ni yule anayewapanga waigizaji, wa filamu au wa tamthilia. Lakini anayesimama mbele ya wapigaji naye anaongoza, na hatuwezi kumwita kondakta bila watu kutafuta nauli. Makwayani anaitwa mwalimu wa kwaya, jina zuri ambalo halisogei hadi kwenye okestra. Kenya wamezoea mwelekezi kwa yule wa jukwaani. Kwa nini tusiyatumie yote mawili? Usiku ule wa Venice mwelekezi alikuwa Basil Coleman na mwongozaji alikuwa Britten mwenyewe. Maleba na mandhari ni maneno yetu ya siku nyingi. Kuna pia mtu ambaye jina lake mara nyingi halitangazwi: Imogen Holst, aliyekuwa msaidizi wa muziki wa Britten tangu 1952, akiandaa maandishi ya noti. Huyo ni binti wa Gustav Holst, ambaye opera yake Savitri, ya waimbaji watatu wakuu na wapigaji wachache, kutoka kisa cha Mahabharata, iliimbwa London mwaka 1916, miaka 30 kabla ya Lucretia. Msaidizi wa muziki, basi, na jina lake lichapwe.

Ipo istilahi moja ambayo sijaikubali hata yangu mwenyewe. Katika Lucretia kuna wahusika wawili wanaoitwa Chorus: mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wanaokaa pembeni wakieleza na kuhukumu yanayotokea Roma ya kale. Ukiandika kwaya, msomaji atasubiri watu 40 wenye majoho. Msimulizi halitoshi, kwa kuwa hawa hawasimulii tu. Wanaingia rohoni mwa wahusika na kuimba wanachowaza. Wanaofundisha tamthilia za Wagiriki hutumia korasi, nami naelemea huko: Korasi wa Kiume na Korasi wa Kike, kwa ngeli ya watu, "Korasi anaingia", "Korasi anasema". Mhariri mmoja atakataa, akidai korasi ni kundi na haiwezi kuwa mtu. Nitamjibu kwamba fidla ya kwanza nayo ilikuwa kundi, hadi Britten alipoiandikia mtu mmoja.