Watu Waliotia Pumzi kwa Mikono

  Fungueni kitabu mahali palipoandikwa somo hili, mfuate maneno kwa kidole huku mkisikiliza.

Leo hatutazungumza habari za wafalme wala za vita. Tutazungumza habari za pumzi. Tutaona jinsi watu walivyojifunza kumpumulia mgonjwa asiyeweza kupumua mwenyewe, na jinsi hesabu iliyosomwa vizuri ilivyookoa watu wengi.

Kwanza, weka mkono wako kifuani. Vuta pumzi. Je, umeona? Kifua kimepanda. Sasa toa pumzi. Kifua kimeshuka. Basi kifua chako ni kama mvukuto wa mhunzi. Mhunzi akiufungua mvukuto, hewa huingia. Akiubana, hewa hutoka. Kinachoufungua mvukuto wa kifua ni misuli: msuli mpana ulio chini ya mapafu, na misuli midogo iliyo kati ya mbavu.

Hewa inayoingia ina oksijeni, ambayo mwili unaihitaji. Hewa inayotoka imebeba hewa ya ukaa, ambayo ni taka ya mwili. Kwa hiyo kupumua ni kazi mbili: kuingiza hewa nzuri na kutoa hewa chafu. Lishikeni sana jambo hili la kazi mbili, maana habari yetu yote inalitegemea.

UGONJWA WA KUPOOZA

Mnaujua ugonjwa wa polio, yaani ugonjwa wa kupooza. Huletwa na virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Wengi wanaoambukizwa hawaugui sana. Lakini kwa wachache, virusi hivyo huharibu neva zinazoiamrisha misuli. Mguu ukipooza, mtu huwa kiwete. Misuli ya kifua ikipooza, mvukuto husimama. Hapo mtu hufa, ingawa moyo wake ni mzima na akili yake ni timamu.

Je, hewa haiwezi kutiwa na mtu mwingine? Wazo hilo ni la zamani. Mwaka 1543 mtaalamu Andreas Vesalius aliandika kwamba mnyama akitobolewa njia ya pumzi shingoni, akatiwa mrija wa tete na kupulizwa, mapafu yake hupanda tena. Lakini miaka mingi sana ilipita kabla ya wazo hilo kuwafaa wagonjwa hospitalini.

Mwaka 1928, katika mji wa Boston, Marekani, Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw walitengeneza mashine iliyoitwa pafu la chuma. Lilikuwa pipa kubwa. Mgonjwa alilazwa ndani, kichwa kikabaki nje. Mashine ilipofyonza hewa iliyokuwa ndani ya pipa, kifua cha mgonjwa kilipanuka, na pumzi ikaingia kwa mdomo na pua. Mashine hiyo iliwaokoa wengi. Lakini ilikuwa ya bei kubwa, na ilikuwa na upungufu mwingine. Mgonjwa aliyepooza koo hawezi kumeza mate wala kukohoa. Basi pumzi ilipovutwa ndani, mate na makohozi yalivutwa pamoja nayo mpaka mapafuni.

MWAKA 1952 MJINI COPENHAGEN

Sasa twende Denmark, nchi iliyo kaskazini ya Ulaya. Mwaka 1952 polio ilishika mji mkuu wake, Copenhagen, kwa nguvu kubwa kupita kiasi. Wagonjwa walipelekwa katika hospitali ya Blegdam, iliyokuwa ya magonjwa ya kuambukiza. Siku nyingine walifika wagonjwa 50 kwa siku moja. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma moja tu, na mashine ndogo sita za kufunga kifuani. Katika wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa katika muda wa siku tatu. Wengi wao walikuwa watoto.

Mkuu wa madaktari wa hospitali, Profesa H. C. A. Lassen, alifadhaika sana. Daktari mmoja aliyekuwa chini yake, Mogens Bjørneboe, alishauri aitwe Bjørn Ibsen. Huyu Ibsen hakuwa daktari wa polio. Kazi yake ilikuwa kuwalaza usingizi wagonjwa wa kupasuliwa na kuwalindia pumzi zao mpaka waamke.

Ibsen alitazama maiti zilizopasuliwa na hesabu za damu. Damu ya wagonjwa ilikuwa na kiasi kikubwa mno cha ukaa. Madaktari wa hospitali walikuwa wameiona hesabu hiyo, lakini walidhani ni dalili kwamba damu imegeuka hali yake, imekuwa kama maji ya magadi, kwa sababu ya ugonjwa wenyewe. Tena wagonjwa walikuwa wakipewa oksijeni na ngozi zao hazikuwa za buluu, kwa hiyo hawakuonekana kama watu waliokosa hewa.

Ibsen aliisoma hesabu ile ile kwa njia nyingine. Alisema: watu hawa wanakufa kwa sababu hawatoi hewa chafu. Je, mnakumbuka zile kazi mbili? Oksijeni ilifanya kazi ya kwanza. Kazi ya pili haikufanywa na mtu, na taka ikajaa mwilini.

Tarehe 27 Agosti 1952 walimjaribu msichana wa miaka 12 aliyekuwa karibu kufa. Walimtoboa shingoni, wakaingiza mrija katika njia ya pumzi, wakaunga mfuko wa mpira wenye oksijeni. Mwanzo mambo yalikuwa mabaya. Msichana alihangaika, njia zake za pumzi zikabana, hewa ikakataa kuingia. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Mwili ukalegea, na hewa ikapita. Mkono ulipoubana mfuko, kifua kilipanda. Mkono ulipouachia, kilishuka. Hewa ya ukaa ilipungua, na msichana akapata nafuu. Aliishi.

MIKONO YA WANAFUNZI

Lakini mashine za kubana mifuko hiyo hazikuwako. Wagonjwa walikuwa wengi, nao walihitaji pumzi kila dakika, usiku na mchana. Ingefanyika nini?

Waliitwa wanafunzi wa udaktari. Walikuja kwa zamu, wakakaa vitandani pa wagonjwa, wakabana mfuko na kuuachia, wakabana na kuuachia, mpaka mwenzao alipokuja kushika. Wakati fulani wagonjwa 70 walipumuliwa hivyo kwa pamoja. Wauguzi waliwageuza wagonjwa na kuwafyonza makohozi. Kwa jumla wanafunzi kama 1,500 walifanya kazi hiyo, na saa walizofanya zilikuwa kama 165,000. Wahenga walisema, mkono mmoja haulei mwana. Hapo mikono ilikuwa maelfu.

Na matokeo? Hapo kwanza, katika kila wagonjwa 10 wa namna hiyo, karibu 9 walikufa. Baadaye vifo vilishuka hata kuwa kama robo tu.

YALIYOFUATA

Mambo manne yalifuata baada ya mwaka ule.

La kwanza, wahandisi na madaktari walishika kutengeneza mashine za kusukuma hewa mapafuni badala ya mkono, kama ile ya Daktari Carl Gunnar Engström wa Sweden.

La pili, mwezi wa Desemba 1953 Ibsen alianzisha Copenhagen chumba maalumu cha wagonjwa mahututi wa kila namna, ambamo muuguzi hakuondoka karibu na mgonjwa. Vyumba vya namna hiyo vimeenea ulimwenguni.

La tatu, mwaka 1956 mhandisi Holger Hesse na Daktari Henning Ruben walitoa huko Denmark mfuko unaojijaza hewa wenyewe kila unapoachiwa. Hauhitaji umeme, na hata oksijeni ikikosekana hutia hewa ya kawaida. Mpaka leo wahudumu wa dharura huubeba katika magari ya wagonjwa.

La nne ni kubwa kuliko yote: kuzuia. Mwaka 1955 chanjo ya polio ya Jonas Salk ilitangazwa kuwa yafaa. Baadaye ikaja ya matone ya mdomoni, ya Albert Sabin. Basi mama anayempeleka mtoto kliniki kupata matone hayo anamwepusha na kitanda kile cha Copenhagen.

HEWA KIASI GANI?

Lakini msidhani kwamba mashine ikipatikana kazi imekwisha. Miaka mingi madaktari waliwatia wagonjwa hewa nyingi kwa kila pumzi, wakiamini kwamba nyingi ndiyo nzuri. Baadaye wengine wakashuku kwamba pafu gonjwa likijazwa sana huumia, kama mpira unaopulizwa kupita kiasi.

Mwaka 2000 jibu lilitolewa Marekani, kwa kuchunguza wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyoharibika. Waligawanywa kwa bahati, kama kupiga kura. Kundi moja lilianza na mililita 12 za hewa katika kila pumzi kwa kila kilo. Kundi la pili mililita 6. Kilo hizo zilikadiriwa kwa urefu wa mtu, maana mtu akinenepa mapafu yake hayakui. Kwa mtu wa kilo 60, kundi la kwanza lingempa mililita 720, na la pili 360. Katika kundi la hewa nyingi walikufa karibu 40 katika kila 100. Katika kundi la hewa kidogo walikufa 31. Basi watu 9 katika kila 100 walipona, na si kwa dawa mpya wala mashine mpya. Walipona kwa sababu watu walipima, wakahesabu, wakaacha desturi iliyodhuru.

Mwaka 2020, ugonjwa wa Korona ulipoenea, nchi nyingi zilitafuta mashine za kupumulia kwa haraka. Zikaona kwamba mashine peke yake haitoshi: lazima pawe na oksijeni, umeme, na muuguzi anayejua kusoma kinachoandikwa juu yake. Ninyi mnaojifunza kusoma na kuhesabu, msiidharau kazi yenu. Hesabu za damu zilikuwa mbele ya macho ya wote kule Blegdam. Wagonjwa walianza kupona siku alipopatikana mtu wa kuzisoma vizuri, na watu wa kukubali kushika mfuko.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kazi mbili za kupumua ni zipi?
2. Kwa nini wagonjwa wa Copenhagen walikufa ingawa walipewa oksijeni?
3. Mtu wa kilo 50 akipewa mililita 6 kwa kila kilo, atapata mililita ngapi katika kila pumzi?
4. Je, katika mji au kijiji chenu, ni kazi gani ambayo mtu mmoja haiwezi, lakini wengi wakishika zamu huiweza?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, mwalimu ayatazame. Mpaka somo lijalo, kwaherini.