Safu ya Lugha: Masega si Sailensa
Wanaojitengenezea gari uani, jeki chini na spana mkononi, wana mazoea ya kusema "nimebadilisha sailensa" hata walipogusa kipande cha bomba tu. Sailensa, tuliyoichukua kwa Waingereza, ni lile kopo linalomeza kelele. Likitoboka, mtaa mzima unajua umerudi. Ekzosi ni njia nzima ya moshi, kuanzia kwenye injini hadi mkiani. Bomba la moshi ni mrija wenyewe, na bomba tumelipata kwa Wareno, ambao kwao ni pampu.

Masega, yaliyomo kwenye njia hiyo ya moshi, ndiyo yanayoonewa zaidi. Mafundi walilichukua neno hilo kwa nyuki, na kwa maoni yangu hawakukosea: chungulia ndani uone vijitundu vya kauri vilivyopangana. Kauri hiyo hupakwa madini ya thamani kama platinamu, paladiamu na rodiamu ili kupunguza sumu ya moshi, ndiyo maana wezi huyanyemelea. Basi anayeyang'oa na kuunga bomba tupu asituambie "nimesafisha masega". Ameyatoa. Kinachosafishwa hurudishwa mahali pake.