Mashine Ilipobishana na Mwanamke

Katika miaka ya 1970, kwenye maabara ya saikolojia huko Stony Brook, New York, mwanamke aliachwa peke yake chumbani, mlango ukafungwa. Alijiwekea mwenyewe ukeni kifaa kidogo cha plastiki, kisha akasikiliza hadithi za mapenzi zilizorekodiwa kwenye kanda. Waya ulitoka kwake hadi kwenye mashine iliyochora mawimbi.

Kifaa hicho, plethismografu ya uke, kilielezwa na George Sintchak na James Geer mwaka 1975. Taa humulika ukuta wa uke, na kihisi hupokea mwanga unaorudi. Ashiki ikipanda, damu hujaa mishipani, na mwanga ule hubadilika kwa kila pigo la moyo. Kwa wanaume, Kurt Freund alikuwa amebuni kipimo chao huko Chekoslovakia tangu miaka ya 1950. William Masters na Virginia Johnson wa St. Louis, waliochapisha kitabu chao mwaka 1966, walikuwa wamechunguza wanawake 382, lakini zaidi kwa kuwatazama na kuwapiga picha.

Julia Heiman, aliyefanya utafiti wa zile kanda, ndiye aliyekutana na jambo zito. Mawimbi ya baadhi ya wanawake yalipanda huku wenyewe wakisema hawasikii ashiki yoyote. Nani aaminiwe?

Wengi waliiamini mashine. Ilionekana kwamba mwanamke ama hajijui, ama anaona haya kusema. Mimi naona hapo ndipo kosa lilipoanza, kwa sababu kifaa kilipima damu, hakikupima hamu. Hata kipimo chenyewe hakina vizio maalumu kama sentimita au gramu, kwa hiyo ni vigumu kumlinganisha mwanamke mmoja na mwingine.

Mwaka 2010 Meredith Chivers wa Kanada na wenzake walikusanya tafiti 132. Uwiano kati ya mwili na kauli ulikuwa 0.66 kwa wanaume, na 0.26 tu kwa wanawake. Ellen Laan wa Amsterdam, aliyefariki mwaka 2022, alikuwa miongoni mwa waliopendekeza kwamba uke hujiandaa wenyewe mbele ya dalili yoyote ya tendo, labda ili usiumie. Hili ni la kushikwa kwa mikono miwili: yuko mwanamke aliyebakwa, mwili wake ukalowa, akaishi miaka akijilaumu. Kulowa si kukubali.

Watengenezaji wa dawa walilipata somo hilo kwa gharama. Pfizer iliijaribu Viagra kwa wanawake wapatao 3,000, ikaacha mwaka 2004. Kuongeza damu hakukutosha kuleta hamu.

Siku hizi, katika baadhi ya maabara, mwanamke hupewa pia kitufe cha mkononi abonyeze kadiri anavyojisikia. Mistari miwili huchorwa pamoja, mmoja wa damu, mwingine wake mwenyewe.