Kazi ya Miaka Isiyo na Kura: Usajili wa Wapiga Kura Nchini Kenya

Eneobunge la Banissa, katika Kaunti ya Mandera, lilikaa bila mbunge tangu Machi 2023 hadi uchaguzi mdogo wa tarehe 27 Novemba 2025. Mbunge wake alikuwa amefariki na kiti kilipaswa kujazwa, ila wa kuuandaa uchaguzi hakuwapo. Muhula wa Wafula Chebukati, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), uliisha Januari 2023, na makamishna wengine wakaondoka karibu wakati huohuo. Tume mpya chini ya Erastus Ethekon iliapishwa Julai 2025. Kwa miaka miwili na nusu Kenya ilikuwa na afisi za uchaguzi, watumishi wa uchaguzi na mitambo ya uchaguzi, lakini haikuwa na tume.

Katikati ya pengo hilo, Juni 2024, vijana walijaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, wengi wakiapa kwamba watakutana na wabunge debeni mwaka 2027. Kiapo kilikuwa cha haki. Lakini siku kilipotolewa, hapakuwa na wa kuliweka hilo debe. Vyama vilikuwa vimevutana kwa zaidi ya mwaka juu ya namna ya kuteua makamishna, na nje ya mahakama na vikundi vichache vya haki za raia, jambo hilo halikumnyima mtu usingizi. Hoja yangu inaanzia hapo. Haki ya kupiga kura hupatikana au hupotea katika miaka ambayo hakuna kura, na siasa inayoilinda miaka hiyo ni ya afisini na kwenye faili. Haina jukwaa, na ndiyo maana wanasiasa wetu, na hata wanaharakati wetu, hawaipendi.

Sheria yenyewe haina kasoro kubwa. Kifungu cha 88 cha Katiba ya 2010 kinaitaka tume isajili wapiga kura mfululizo. Kifungu cha 83 kinaongeza kwamba taratibu za usajili zimrahisishie raia kupiga kura, zisimnyime. Kwa vitendo, “mfululizo” umekuja kumaanisha mlango wa afisi ya eneobunge ulio wazi kwa anayeweza kuufikia, kisha kampeni kubwa dakika za lala salama. Oktoba 2021 tume ilijiwekea lengo la kusajili watu milioni 6 kwa mwezi mmoja. Ilipata takriban milioni 1.5. Awamu ya pili, mwanzoni mwa 2022, iliongeza kama milioni moja tu. Daftari la mwisho lilikuwa na wapiga kura 22,120,458, na wenye umri wa miaka 18 hadi 34 hawakufika asilimia 40, katika nchi ambayo watu wazima wake wengi ni vijana.

Wachambuzi wengi waliona hapo kukata tamaa: kijana hajisajili kwa sababu haoni faida ya kura. Sikatai, wapo, na wana sababu zao. Lakini maelezo hayo yanaipa dola nafuu isiyostahili. Muuza mitumba wa soko la Kongowea, Mombasa, anayefungua kibanda alfajiri na kukifunga usiku hawezi kupoteza nusu siku kwenye foleni ya afisi inayofungwa jioni. Mfugaji wa North Horr, eneobunge kubwa kuliko yote nchini kwa ukubwa wa ardhi, ana safari kubwa zaidi. Tukimhesabu mfugaji huyo kuwa amekata tamaa, tumemhukumu kwa kosa la ramani.

Hata hivyo kizingiti cha kwanza kiko nyuma zaidi, kwenye kitambulisho. Asiye nacho, wala pasipoti, hasajiliwi. Kwa miongo kadhaa vijana wa kaunti za mpakani, hasa Wasomali wa Kenya, pamoja na Wanubi wa Kibera, walipitishwa kwenye msasa ambao Wakenya wengine hawakuujua: wazee wa kamati, maafisa wa usalama, maswali juu ya babu wa babu, na ile “njoo kesho” isiyo na mwisho. Huko Garissa kuna raia waliokwama kwa sababu utotoni, wakati wa njaa, familia ziliwaandikisha kambini kama wakimbizi ili wapate chakula. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta msasa huo. Ni hatua njema. Lakini kilichotolewa kwa tamko huondolewa kwa tamko, na kazi ya kuhakikisha kwamba chifu na afisa wa usajili wanalitii haifanywi na rais. Itafanywa na watu wa pale pale, wanaoandika ni nani aliyerudishwa, tarehe ngapi, na kwa sababu gani.

Ukumbukwe pia mwisho wa 2023, serikali ilipotangaza shilingi 1,000 kwa kitambulisho cha kwanza, ambacho awali kilitolewa bure. Kelele na kesi mahakamani ziliifanya ipunguze ada hiyo. Sijui jambo lililogusa haki ya kura ya maskini zaidi ya hilo mwaka ule, na halikuitwa suala la uchaguzi hata kidogo.

Mfano bora wa kazi ninayoizungumzia ni wa wafungwa. Mwaka 2010 wakili Priscilla Nyokabi Kanyua, wa shirika la msaada wa kisheria la Kituo cha Sheria, alifungua kesi akidai wafungwa waruhusiwe kushiriki kura ya maoni ya Katiba mpya. Mahakama ilikubali, nao wakapiga kura tarehe 4 Agosti 2010. Ungedhani mambo yaliishia hapo. Uchaguzi mkuu wa 2013 ulipita bila wao. Ilibidi kusubiri hadi 2017 ndipo wafungwa zaidi ya 5,000 walipowekwa kwenye daftari, tena kwa kura ya urais peke yake. Mwaka 2022 walizidi 7,000. Kati ya hukumu na debe la uchaguzi mkuu ilipita miaka saba ya kufuatilia, na hakuna aliyepata umaarufu kwa kuifuatilia.

Wakenya wa ng’ambo wako kwenye njia hiyohiyo. Mwaka 2013 walipigia kura katika nchi nne za Afrika Mashariki. Kufikia 2022 nchi zilikuwa 12, zikiwamo Qatar na Falme za Kiarabu, lakini waliosajiliwa walikuwa elfu kumi na ushei tu. Saudi Arabia, wanakofanya kazi za nyumbani wanawake wengi wa Kenya, haikuwamo.

Kuna atakayesema kwamba raia wa kawaida hana muda wa haya. Ni kweli, ndiyo sababu vyama vya wafanyabiashara, misikiti, makanisa na vyama vya wanafunzi vinapaswa kuibeba kazi hii kama sehemu ya shughuli zao za kila mwezi. Nayo mashirika ya elimu ya uraia, ambayo fedha zao humiminika mwaka wa uchaguzi na kukauka mwaka unaofuata, yawaambie wafadhili wao wazi kwamba utaratibu huo unaiua kazi yao.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Bunge linapokea maombi ya raia yeyote chini ya Kifungu cha 119, na Kifungu cha 35 kinamlazimu afisa wa umma kutoa taarifa anapoombwa. Andikeni sasa kwa afisi ya uchaguzi ya eneobunge lenu, mkiuliza mashine za usajili zitapelekwa wadi zipi, siku zipi na saa ngapi, na mtake jibu la maandishi.