Maji kuzunguka mapafu: kichomi kinapotokana na damu iliyoganda

Mapafu ya mwanadamu hufunikwa na utando wenye tabaka mbili, na kati ya tabaka hizo huwemo majimaji machache mno, yasiyozidi vijiko vichache vya chai, yanayoliwezesha pafu kupanuka na kusinyaa bila kukwaruzana na ukuta wa kifua. Majimaji hayo yanapoongezeka, wagonjwa na jamaa zao husema maji yameingia kwenye mapafu, ingawa kwa hakika yamekusanyika nje ya pafu lenyewe.

Nchini Tanzania, ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) limeiweka katika orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu, hali hiyo huhusishwa kwanza na ugonjwa huo au nimonia. Dhana hiyo ina msingi. Hata hivyo, ipo sababu nyingine inayosahaulika kwa urahisi na inayoweza kuua kwa haraka zaidi, nayo ni bonge la damu lililoziba mshipa wa pafu.

Bonge hilo aghalabu huanzia katika mishipa ya ndani ya mguu, hung'oka, hupita kwenye moyo na kukwama katika ateri ya pafu. Mara nyingi nyama ya pafu husalimika, kwa kuwa hupata damu kwa njia mbili. Lakini tawi dogo la pembezoni likizibwa, sehemu ya pafu huweza kufa kwa kukosa damu. Utando ulio jirani huvimba, mishipa midogo huvuja na maji hujikusanya. Mgonjwa husikia kichomi kinachozidi anapovuta pumzi, hupumua kwa shida na wakati mwingine hukohoa damu, dalili zinazofanana mno na za nimonia.

Maji hayo huonekana kwa takriban theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa wenye bonge la damu mapafuni, kwa kawaida yakiwa machache na ya upande mmoja. Eksirei huweza kutoyaonyesha yakiwa chini ya mililita 200 hivi, ilhali altrasaundi huyabaini hata yakiwa kidogo zaidi. Kuyapima maabara peke yake hakuthibitishi chanzo. Bonge lenyewe hutafutwa kwa CT-Scan ya mishipa ya mapafu.

Linalowatia wengi hofu ni wekundu wa maji hayo. Kuwamo damu, peke yake, si sababu ya kusitisha dawa za kuzuia damu kuganda, kama heparini na wafarini, ambazo tiba yake huchukua angalau miezi 3 chini ya uangalizi wa daktari. Maji hufikia kilele ndani ya siku 3 hivi za mwanzo, kisha hupungua, aghalabu bila kunyonywa kwa sindano. Yakiongezeka baada ya hapo, daktari huchunguza kama kuna bonge jipya, maambukizi au damu inayovuja kifuani.

Mtu aliyefanyiwa upasuaji au kujifungua karibuni, aliyelala kitandani muda mrefu au mwenye saratani, akipatwa na kichomi cha ghafla, anapaswa kufika kituo cha afya mara moja na kumweleza mhudumu historia hiyo, pamoja na uvimbe wa mguu mmoja iwapo upo.